Kuazimisha vitu vyako bila kurudishiwa masizi na ugomvi

Sufuria yangu ile kubwa, ya kupikia posho (ugali) kilo 15, ilirudi jumapili usiku. Iliwekwa tu mlangoni imefunikwa na gunia, hakuna aliyebisha hodi. Asubuhi nafungua naona posho imegandia chini nyeusi kama lami, nje masizi matupu, na sikio moja halipo. Msiba ulikuwa wa jirani nyumba ya tatu kutoka kwangu, na mimi nilikuwa nimekaa pale siku mbili nikilia nao. Sasa unaanzaje kumwambia mtu aliyemzika mama yake juzi kwamba sufuria imekatika sikio?

Hauanzi. Hapo umeshachelewa. Na hilo ndo jambo nimelijifunza kwa miaka mingi ya kuazimisha vitu: maneno yote ya maana yanasemwa siku kitu kinatoka mlangoni kwako, sio siku kinarudi. Kikitoka mnaongea mkiwa marafiki, kikirudi kimeharibika mmoja ana hasira na mwingine ana aibu, na hasira na aibu zikikaa meza moja hakuna mazungumzo.

Sitakwambia uache kuazimisha. Sisi wa mtaa wa Walukuba hapa Jinja, Uganda, tumekulia kwenye nyumba zilizojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa viwanda, watu walikuja kutoka kila kabila, ndo maana Kiswahili kikakaa, ukuta kwa ukuta, mwenzako akikaanga mukene, yaani dagaa, wewe unakula kwa pua. Mtu anayekataa kila kitu hapa atazikwa na nani? Ila kuna namna ya kutoa kitu kikarudi kizima, au kikirudi kibovu mkaelewana. Nawaandikia ninavyofanya mimi.

Kitu kabla hakijatoka

Kwanza panga vitu vyako kichwani kwa mafungu. Kuna vile vya kutoka na mtu yeyote, kama beseni, jembe, viti vya plastiki. Kuna vile vinavyotoka na wewe mwenyewe nyuma yake, yaani akitaka mashine ya kusaga karanga basi aje asagie kwako, au kijana wako aende nayo na arudi nayo. Na kuna visivyotoka kabisa. Kwangu havitoki vitatu: cherehani, sababu ndio inayonilisha, simu, sababu ina mobail mani na maisha yangu yote ndani, na gomesi, lile gauni letu refu la heshima, aliloniachia mama. Ukishaamua mapema hautababaika mtu akisimama mlangoni, unamwambia tu "dada, hii huwa haitoki, lakini ile nyingine chukua" na mtu anaelewa kuliko ukianza kutunga uongo kwamba imeharibika alafu kesho akaiona inafanya kazi.

Pili, kitazameni pamoja. Mimi nasema hivi: "Haya mama, chukua, Mungu awasaidie, ila njoo tuiangalie kwanza ili nisije kukusingizia." Hilo neno la mwisho ndo muhimu, mtu anajua unamlinda yeye. Geuza sufuria, hesabu masikio, onyesha ile kona iliyobonyea tangu zamani. Alafu piga picha na simu na umtumie hapo hapo kwa WhatsApp, na uandike chini ya picha "sufuria 1, masikio 2, mfuniko 1, narudishiwa jumatatu". Tarehe na saa zinabaki zenyewe kwenye simu zenu zote mbili. Asiyekuwa na simu ya picha, andika kwenye daftari na yeye aone unaandika.

Tatu, na hapa ndo vitu vingi hupotelea, mjue ni nani mwenye jukumu. Kwenye matanga au harusi anayekuja kuchukua ni kijana, anayepika ni kina mama wa upande mwingine, anayeosha ni yeyote aliyebaki na nguvu usiku ule, na anayerudisha ni mtoto ametumwa. Ukiuliza kila mtu anasema mimi niliikuta hivyo hivyo. Kwa hiyo nauliza kabla haijatoka: "Nani ataniletea?" na nataka jina la mtu mzima mmoja, sio "tutaleta". Ikiwa ni msiba usimsumbue mfiwa, muulize yule anayesimamia jikoni au mtu wa kamati, ndo yeye mnaelewana naye.

Nne, sema kirudi kikiwaje. Wengi tunasahau hili. Kwangu sufuria safi ni ile inayong'aa ndani na nje, kwa mwingine safi ni ile isiyo na chakula, na hajakosea, ndo alivyolelewa. Sema wazi "nje pia isuguliwe" au "ukikosa muda wa kuosha niletee hivyo hivyo lakini iwe imelowekwa maji". Mimi napenda hiyo ya pili kuliko mtu anayesugua na jiwe akaniachia michubuko.

Sufuria

Kama mpishi atatumia kuni, paka sabuni ya mche upande wa nje kabla sufuria haijakaa kwenye moto. Ilowanishe kidogo upakaze chini na ubavuni, nene kiasi. Masizi yatashika kwenye sabuni badala ya kushika kwenye sufuria, na ukimwagia maji yanashuka yenyewe. Wengine wanatumia udongo wa mfinyanzi au majivu yaliyokorogwa na maji, inafanya kazi vile vile. Siku hizi sufuria ikitoka kwangu naitoa ikiwa imeshapakwa, sisubiri mtu akumbuke.

Iliyoungua ndani usiikwangue kavu. Jaza maji na chumvi kidogo, iache ilale mpaka asubuhi, alafu ichemshe, ukoko wa posho utainuka kama ngozi. Sufuria nyingi za kwetu ni za alumini, na alumini haipatani na magadi, inageuka nyeusi inapoteza uso. Ikishakuwa nyeusi ndani chemsha maji na limau au ukwaju kwa dakika kumi au kumi na tano, itarudi kung'aa, sababu uchachu ndo unaoondoa ule weusi. Na steel wool itumie nje tu.

Gomesi

Hapa naomba mnisikilize vizuri maana ndipo urafiki wa wanawake wengi unakufa. Jina lenyewe linatokana na fundi Mgoa aliyeitwa Gomes, tangu mwanzo wa miaka ya 1900, na leo hakuna kwanjula (sherehe ya kutambulisha mchumba kwa wazazi) wala mazishi ya heshima bila gomesi. Linakula kitambaa kama mita 6, usidhani ni blauzi ya mitumba utanunua nyingine kesho.

Ukiliazimisha hesabu vipande vitatu: gomesi lenyewe, mshipi wake, na kikooyi cha ndani. Mshipi ndo unaopotea, sababu mtu akifika nyumbani amechoka anaufungua anautupa kwenye kiti, na mshipi wa rangi ile ile hauupati tena dukani. Angalia vile vifungo viwili vya bega la kushoto kama vimeshika, na angalia pindo la chini, maana mtu mfupi kuliko wewe atalikanyaga siku nzima. Kama kimo hakilingani, mwambie ukweli, "dada hili litaburuta, tutafute lingine", ni bora huzuni ya dakika mbili.

Alafu mpe masharti matatu tu, zaidi ya hapo hatakumbuka. Usimenye matooke, zile ndizi za kupika, ukiwa nalo. Usilifue, niletee kama lilivyo. Na usipige pasi juu ya doa.

La matooke, kila mtu Uganda anajua utomvu wake: ukishakauka kwenye nguo unageuka doa la kahawia na hilo ndo kaburi lake, sijawahi kuona dawa iliyolitoa lote. La kufua, ni kwa sababu kila kitambaa kina tabia yake, satini ukiiweka maji ya moto inakunjamana hainyooki tena, na rangi nyekundu za mshipi hutoka zikaingia kwenye gomesi jeupe. Na pasi, joto linapika doa linaingia ndani ya uzi, baada ya hapo hata fundi wa drai klini anatikisa kichwa.

Likirudi na doa fanya hivi. Mafuta ya nyama au sosi ya karanga, nyunyiza poda ya mtoto au unga wa muhogo, iache masaa kadhaa inyonye mafuta, kung'uta, alafu paka sabuni ya maji ya vyombo na usuuze kwa maji ya uvuguvugu. Damu ni maji ya baridi peke yake, maji ya moto yanaigandisha. Tope jekundu la kwetu liache likauke kabisa kwanza, lipige brashi, ndo ufue, ukilifua bichi unalisambaza. Jasho la kwapa, loweka kwenye maji na siki kidogo. Na kila mara jaribu kwanza kwenye pindo la ndani.

Wazee walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, na walimwambia aliyeazima. Lakini na mimi mwenye nguo nina la kufanya: siku ya sherehe simsemi mtu mbele za watu kwamba ni gomesi langu. Nimeshuhudia dada akiambiwa mbele ya wakwe "kaa vizuri utachafua gomesi langu". Alikaa. Hakula kitu. Na kuanzia siku hiyo hawakusalimiana tena, na gomesi lilirudi safi kabisa.

Bomba ya kupulizia dawa

Hii wengi hawaijui mpaka iwapate. Mimi nina bustani ya nyanya kidogo kule nje ya mji, na bomba ya mgongoni ya lita 16. Jirani wa shamba akaiazima kwangu kupulizia dawa ya kuua magugu kwenye mahindi yake, akairudisha siku hiyo hiyo, imefutwa nje inang'aa, nikamshukuru. Wiki iliyofuata nikaweka dawa ya wadudu nikapulizia nyanya zangu. Siku chache tu majani yakaanza kujikunja, shina likapinda, machipukizi yakawa membamba kama nyuzi, nikadhani ni ugonjwa. Haukuwa ugonjwa, ni mabaki ya dawa ya magugu kwenye mpira na kwenye pua ya bomba. Kuna dawa za mahindi, hasa zile zenye 2,4-D, ambazo kiasi kidogo sana kinatosha kuharibu nyanya, na hazitoki kwa kusuuza mara moja. Nilipoteza msimu mzima, na yule mzee hakuwa na nia mbaya hata kidogo, alifuta bomba yangu kwa mikono yake.

Kwa hiyo bomba ikitoka uliza inaenda kupulizia nini. Kama ni dawa ya magugu, mimi siku hizi siitoi kabisa, nina nyingine ya zamani nimeipaka mstari mwekundu ubavuni, hiyo ndo ya magugu na haigusi nyanya milele. Kama una moja tu, ikirudi isuuze mara tatu na maji safi, kila mara ukipampu mpaka maji yatoke kwenye pua, alafu ijaze maji na sabuni iache ilale usiku, na asubuhi suuza tena. Fungua chujio na pua uzioshe peke yake. Vaa glavu, na maji ya kusuuzia usiyamwage kwenye mtaro unaoshuka ziwani, yamwage kwenye shamba lile lile lililopuliziwa. Baada ya yote jaribu kwenye miche miwili mitatu ya nyanya, subiri wiki, ndo uende kwenye bustani yote.

Na jerikani ni ndugu yake bomba. Ikirudi inanuka parafini, dizeli au dawa ya shamba, haichoti tena maji ya kunywa, hata uoshe na nini. Plastiki imeshanyonya. Iandike kwa rangi kubwa au itoboe upande mimea, usibishane na hilo.

Vingine kwa haraka

Toroli: saruji ioshwe siku hiyo hiyo kabla haijakauka, ikilala ni kazi ya nyundo na toroli litabonyea. Mpe anayeazima na ndoo ya maji, kabisa.

Jembe na panga: angalia mpini umekaza. Zikirudi na kutu, sugua na majivu na kipande cha tofali, paka mafuta yoyote hata ya kupikia.

Ekstenshen ya umeme: mwambie asichomeke pasi na kettle kwa pamoja. Ikirudi ina harufu ya kuungua au tundu limegeuka kahawia usiitumie, na usimpe mtu mwingine.

Godoro: kwenye misiba magodoro hulala nje na watu wengi, na kunguni wanapanda. Likirudi usiliingize ndani usiku. Subiri mchana, kagua mishono yote na kona, tafuta vidoa vyeusi vidogo. Kulianika tu hakutoshi, wanajificha kwenye kivuli cha mikunjo, foronya na mashuka yaingie maji ya moto sana, na mishono ya godoro imwagie maji ya moto kidogo kidogo na birika alafu likauke vizuri.

Pikipiki: hapa sina huruma. Lazima uione permit (leseni) yake ya daraja A kwa macho yako, bima iwe hai, na mpige picha ya maili na mafuta. Faini za barabarani zinafuata namba ya pikipiki, hazimfuati aliyekuwa anaendesha, utaletewa wewe. Kama ni boda inayokulisha, basi iingize kwenye fungu la visivyotoka.

Kikirudi

Kitazame mbele ya aliyeleta. Kitendo hiki kinatushinda wengi, tunaona haya, tunasema "weka tu hapo", alafu tukikuta kasoro baada ya siku tatu tunaanza kumsema kwa majirani. Pokea, shukuru, karibisha kiti, geuza kitu huku mkiongea. Kama kiko sawa sema kiko sawa, kwa sauti, mtu afurahi. Kama kina kasoro sema kile unachoona, usimseme mtu. "Naona sikio limetoka, lilitokea wapi?" ni tofauti kabisa na "mmenivunjia sufuria". Ukiuliza hivyo mara nyingi mtu anakwambia mwenyewe, na anakwambia atafanya nini kabla haujamuomba.

Asipojitolea, omba kitu kimoja kinachowezekana. Usiseme "nilipe". Sema "naomba uipeleke kwa fundi, ukiipata ijumaa sio mbaya". Kutengeneza kunamwachia mtu heshima yake. Pesa iingie pale tu kitu hakitengenezeki, na hapo msidai bei ya kipya kama chako kilikuwa na miaka sita, hiyo ni dhuluma. Mimi huenda naye sokoni tunauliza pamoja bei ya kilichotumika kama changu, tunakubaliana, na akilipa kidogo kidogo naandika.

Kuandika ni jambo kubwa kuliko watu wanavyodhani. Uganda hii mkataba wa kitu cha zaidi ya shilingi laki 5 sheria inataka uwe kwenye maandishi. Kwa hiyo kama ni jenereta, mashine ya kuchomelea, spika za harusi, usitoe kwa mdomo hata kwa shemeji yako, karatasi moja yenye jina la kitu, hali yake, siku ya kurudi, sahihi zenu na shahidi mmoja inatosha. Na kikiharibika mkakubaliana kiasi, andikeni tena kwamba fulani anadaiwa shilingi kadhaa mpaka tarehe fulani. Hapo imekuwa deni lililoandikwa, na deni lililoandikwa ni rahisi kulifuatilia.

Ikishindikana kabisa anza kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji au mtaa. Baraza la LC1 linasikiliza madeni, mikataba na uharibifu wa mali, kwa kitu kisichozidi milioni 2, na mnaongea lugha mnayoielewa, chini ya mwembe mara nyingi. Deni likizidi hapo kuna utaratibu wa kesi ndogo kwa hakimu, mpaka milioni 10, na hauhitaji wakili, unakwenda mwenyewe na karatasi zako. Kitambulisho cha taifa cha mtu usikishike kama rehani, ni chake, anakihitaji benki na kwenye simu.

Lakini kabla ya LC jiulize kama kitu kinafikia huko. Kuna vitu niliamua kuviachia. Aliyefiwa, mwenye mgonjwa hospitali, mtoto wa shule aliyetumwa na mzazi wake, kwa hao naosha masizi mwenyewe na nanyamaza, na nanyamaza kweli, siendi kusimulia kwa bomba la maji. Na mtu aliyeharibu mara mbili bila kusema pole, huyo namwambia kwa upole, "kaka, sasa hivi sitaweza kukupa, mara iliyopita iliniumiza." Mara nyingi anajua vizuri tu.

Na sufuria yangu? Nilisubiri mpaka siku arobaini zikapita. Alafu sikwenda kwa mfiwa, nilikwenda kwa kijana wake mkubwa aliyekuja kuichukua, nikampata anaosha boda yake, nikamwambia mwanangu ile sufuria ilitoka sikio, naomba unisaidie kuifikisha kwa fundi. Alishtuka, hakuwa anajua, kumbe walioirudisha usiku ni watu wa kukodi waliokuwa wakipakia viti. Aliifunga nyuma ya boda siku hiyo hiyo, fundi wa sokoni akapiga sikio jipya, nene kuliko la kwanza, na akarudi nayo na kilo mbili za sukari kutoka kwa baba yake.

Leo asubuhi imetoka tena, kuna arusi kule Masese. Nimeipaka sabuni mwenyewe, na kwenye daftari nimeandika masikio mawili, moja jipya.